Fungua, Geuza, Pita

Baba yangu alipekua mikoba ya watu kwa miaka ishirini na saba. Alikuwa mlinzi wa getini katika kiwanda cha madaftari, na kila alasiri kengele ya kutoka ilipolia, wafanyakazi walipanga mstari mbele ya meza yake ndefu ya bati. Yeye alisimama upande wa pili, mikono mgongoni, na kwa kila mmoja alisema maneno matatu tu: "Fungua. Geuza. Pita." Ulifungua mkoba, ukaugeuza mpaka kila kitu kikamwagika mezani, na akiridhika ulipita. Kwenye meza ile hakumsalimu mtu. Alisema salamu hulegeza macho. Wafanyakazi wakampa jina la Eksirei, naye badala ya kukasirika akalipenda, akalileta nyumbani kama mtu anayeleta zawadi.

Nyumbani hakuwa mkali. Alimkata Mama kucha za miguu alipokuwa mjamzito, na hata baada ya kujifungua hakuacha. Lakini kazi ilikuwa imemwingia mwilini. Nikirudi kutoka shuleni alipokea begi langu mlangoni, akalipima uzito kwa mkono, ndipo aniulize habari za masomo. Dada yangu mkubwa alipomleta mchumba wake, Baba alimtazama kwanza mifuko ya koti, halafu uso. Mama alikuwa akisema, "Mwanaume huyu siku ya kufa atawapekua malaika."

Alipostaafu kiwanda kilimpa saa ya ukutani na cheti chenye fremu. Saa ilikufa mwaka wa pili. Cheti bado kipo sebuleni, kimeandikwa kwa herufi za dhahabu: *Kwa uaminifu usio na doa.* Kwa muda mrefu nimekuwa nikikalia kiti kinachokipa mgongo.

Siku ninayotaka kuieleza, dada yangu alikuwa amepata mapumziko. Yeye ni mkunga, na mapumziko kwake ni kama mvua ya kiangazi; ikija, kila mtu hutoka nje na ndoo. Akatupeleka wote kwenye bustani ya michezo: Mama, Baba, mimi, na binti yake wa miaka saba ambaye tunamwita Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzima. Kulikuwa na pembea kubwa na maboti ya kugongana, lakini Redio alikuwa amesikia habari za Mji wa Malkia na hakutaka kitu kingine.

Mji wenyewe ulikuwa ukuta wa mbao nyembamba uliochorwa mawe, na ndani yake vibanda vya soko, kisima kisicho na maji na gereza la fito nyeusi. Unaingia na familia yako, unavaa joho, unachukua kadi kwenye kapu, na kwa saa mbili unakuwa yule aliyeandikwa kwenye kadi. Siku hiyo muhuri wa Malkia ulikuwa umeibwa, na kazi ya mji mzima ilikuwa kumpata mwizi.

Aliyetupokea alikuwa msichana aliyecheza Waziri. Alikuwa na kipaza sauti kiunoni na masharubu ya kubandika ambayo upande mmoja ulikuwa umeanza kumkimbia.

"Sheria za mji ni tatu!" akatangaza. "Moja, hakuna kutoka kwenye nafasi yako. Mbili, anayetuhumiwa anaingia gerezani, awe nani awe nani. Tatu, gerezani hutoki mpaka mwizi wa kweli apatikane au kengele ya mwisho ilie. Tumeelewana, raia wangu?"

"Tumeelewana!" Redio alijibu kwa niaba ya familia ishirini.

Tukachukua kadi. Dada akawa mwoka mikate. Mama akawa mpiga ramli, akasema hata bila kadi anajua sote tutakufa. Redio akawa mpelelezi wa Malkia. Mimi nikawa karani wa mji, nikapewa msokoto wa karatasi niandike yatakayosemwa, na nikafurahi, kwa maana mtu anayeandika haombwi kusema.

Baba alikuja nasi shingo upande. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kisima na kofia yake magotini. Alichukua kadi, akaisogeza mbali na macho, akaisoma, akairudia. Redio akaichungulia.

"Babu! Mlinzi wa lango! Umepata kazi yako!"

Sijui nieleze vipi mgongo wake ulivyonyooka. Alivaa joho, akalifunga vifungo vyote. Akabeba mbao mbili kutoka nyuma ya kibanda, akaziweka juu ya mapipa, akazifuta kwa leso. Kabla Waziri hajajua linalotendeka, lango la soko lilikuwa na meza, na mbele ya meza kulikuwa na mstari.

"Fungua," Baba akamwambia wa kwanza. "Geuza."

Watu walicheka mwanzoni. Kisha wakaona hacheki. Bwana mmoja aliyevaa tai chini ya joho akasema, "Mzee wangu, huu ni mchezo."

"Ndiyo maana nacheza. Fungua."

Mke wa yule bwana alipougeuza mkoba wake, zilimwagika nepi, kitana, vipande vya biskuti na vijiko viwili vyenye chapa ya hoteli. Baba aliinua vijiko, akavitazama mbele na nyuma, akavirudisha taratibu.

"Hivi si muhuri. Pita."

Soko zima likaangua kicheko. Yule mama akawa anakusanya biskuti zake bila kumtazama mtu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Dada akaninong'oneza, "Nenda ukamwambie baba yako apunguze."

"Baba yangu? Leo amekuwa wangu peke yangu?"

"Wewe ndiye msomi. Kamwambie kisomi."

Nikaingia kwenye mstari, maana hakukuwa na njia nyingine ya kumfikia. Nyuma yangu alisimama mama wa makamo aliyepangiwa kuuza maua, na kikapu cha maua ya plastiki mkononi. Alikuwa na mjukuu wa kiume aliyekuwa akimvuta joho akitaka maboti. Yule mama hakumjibu. Alikuwa akimtazama Baba kwa namna ya mtu anayejaribu kukumbuka alikoweka ufunguo.

Nilipofika mezani nikasema chinichini, "Baba, watu wamechoka. Mimi ni karani tu, niache nipite."

"Getini hakuna mtoto wa mtu," akasema kwa sauti, ili wote wasikie kwamba hana upendeleo. "Fungua."

Nikafungua. Nilipokuwa nasita kugeuza, aligeuza yeye mwenyewe. Zikaanguka kalamu tatu, kitabu, leso, chupa ya maji, na juu ya vyote daftari la jalada la kijivu.

Lazima niseme daftari lile lilikuwa nini. Kiwandani kulikuwa na mashine iliyochapa mistari vibaya. Badala ya kulala, mistari ilipanda kuelekea kulia kama njia ya kilima. Madaftari yale hayakugongwa chapa wala kuuzwa. Yalirundikwa karibu na kibanda cha getini yakisubiri kurudishwa kusagwa, na kanuni ya kiwanda ilikuwa kwamba hata hayo hayatoki. Wafanyakazi walipekuliwa na Baba. Baba hakupekuliwa na mtu. Alikuwa na koti la mvua alilolivaa masika na kiangazi, na jioni alipolivua nyumbani, madaftari yalitoka kifuani yakiwa bado na joto lake. Nimejifunza kuandika katika hayo. Mpaka leo mwandiko wangu unapanda, hata kwenye karatasi tupu.

Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, alirudi jioni moja akatusimulia mezani kwamba amemkamata mama wa kitengo cha gundi na madaftari mawili ya kijivu chini ya kanga, kwamba alijitetea eti ni ya mtoto wake wa shule, na kwamba amefukuzwa papo hapo. "Sheria ni msumeno," alisema. Kisha akaenda kuvua koti, akarudi na matatu, akayaweka karibu na sahani yangu. Nilimtazama Mama. Mama akasema, "Haya, kula." Nikala. Baada ya kula nikaandika jina langu kwenye majalada yote matatu.

Lile lililokuwa mezani lilikuwa la mwisho katika katoni iliyobaki chini ya kitanda changu. Baba aliliona. Mkono wake ukaganda juu yake, na nikaona kwamba anatafuta neno la tatu na halimjii.

Muuza maua alinyoosha mkono kupitia begani kwangu, akalichukua. Hakulifungua kwanza. Alipitisha kidole gumba kwenye mgongo wa daftari, kuanzia juu mpaka chini, polepole. Gumba lenyewe lilikuwa gumu na lenye kung'aa kama pembe. Kisha akafungua, akaitazama mistari.

"Mashine namba mbili," akasema. Akamwinulia Baba macho. "Nimekuwa nikisikia ile sauti tangu nafika hapa. Nikajiambia, hapana, watu hufanana sauti. Eksirei."



Akanigeukia mimi. "Mwanangu, hili umelitoa wapi?"

"Nilinunua, mama."

"Duka gani?"

Nina shahada. Nimesoma vitabu vingi kuliko ukoo wetu wote ukiunganishwa. Sikupata jina la duka moja.

"Haya hayakuuzwa," akasema. Hakupaza sauti, alisema kama mtu anayenieleza njia. "Mimi nilikuwa nayabandika. Nilifukuzwa kwa mawili kama hili."

Hapo ndipo Waziri alipowasili mbio, masharubu yakining'inia upande mmoja. Alikuwa ameona umati na akadhani mchezo umeiva.

"Ushahidi! Raia wangu, mji umepata ushahidi! Umetoka kwa nani?"

Redio alikuwa amesubiri swali hilo tangu asubuhi. Aliruka juu akaninyooshea kidole, uso wake uking'aa kwa furaha.

"Kwa Mama Mdogo! Limetoka kwenye mkoba wake, nimeona kwa macho yangu!"

"Mwizi! Mwizi!" watoto wakaitikia, na wakanisukuma kwenda gerezani wakinirushia mipira ya sponji. Sikupinga. Nilikaa kwenye kigoda ndani ya fito nyeusi, mpira mmoja umenasa kwenye nywele zangu, na kutoka pale niliiona meza vizuri sana.

Nilingoja Baba aseme neno. Alikusanya kalamu zangu, kitabu, leso na chupa, akavirudisha kwenye mkoba, akauweka pembeni. Muuza maua alikuwa amejitenga na mstari, daftari likiwa mkononi. Baba akamtazama mtu aliyefuata.

"Fungua," akasema. Sauti ilikuwa kavu.

Alipekua watu wanne. Ningependa kuandika kwamba alikimbia kuja kunitoa, lakini alipekua watu wanne, mmoja baada ya mwingine, nami nipo gerezani na watoto wananiita mwizi. Nilimwonea aibu. Halafu nikakumbuka yale majalada matatu yenye jina langu, na sikujua tena aibu ile niielekeze wapi.

Wa tano alikuwa msichana mdogo mwenye kijibegi chenye umbo la samaki. Alikuwa ameshakigeuza mwenyewe kabla ya kuambiwa, na alikuwa akingoja. Baba alikitazama kile kijibegi kilicho tupu kwa muda. Kisha akafungua vifungo vya joho, kimoja kimoja, akalikunja, akaliweka mezani, akaja gerezani na shati lake la siku zote.

"Mtoeni huyu," akasema. "Hakuiba. Nimeiba mimi."

Mji ukalipuka. "Mlinzi mwenyewe!" Waziri alipiga kelele kwenye kipaza sauti. "Nani angedhani! Mlinzi mwenyewe!" Watu walipiga makofi, na bwana wa tai alipiga kuliko wote. Redio alimkumbatia babu yake kiuno akimsifu kwa kucheza vizuri. Mama peke yake hakupiga makofi. Alikuwa amekaa kwenye kibanda cha ramli, kiganja kimefunika mdomo.

Mimi nikatoka, Baba akaingia. Makofi yakaisha, watu wakatawanyika kuutafuta muhuri ambao ulikuwa bado haujapatikana. Ndipo muuza maua akasogea kwenye fito.

"Huo ni mchezo au ni kweli?"

"Ni kweli, mama."

"Basi sema yote kwa mdomo wako, nisije nikaelewa vibaya."

Akasema. Rundo la kando ya kibanda, koti la mvua, kifuani. Alisema akitazama kigoda.

"Lile koti," yule mama akasema. "Sisi tulikuwa tunakucheka. Tulisema Eksirei anaogopa hata jua." Akashika ufito mmoja. "Ulichukua mangapi?"

"Sijui. Sikuhesabu."

"Yangu ulihesabu. Uliyainua juu, mstari mzima wakaona, ukasema, 'Mawili.'"



Nilikuwa nimesimama na msokoto wangu wa karatasi, karani asiyeandika. Nikasema, kwa kuwa nilishindwa kuvumilia kimya kile, "Mama, na yule mtoto uliyekuwa unampelekea..."

"Alisoma," akanikata. "Kwani ulidhani madaftari yenu ndiyo yanasomesha peke yake? Aliandika nyuma ya kalenda. Mwaka mzima, mwezi kwa mwezi. Desemba ilipokwisha tukaomba za majirani." Akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Na wewe, ulisoma?"

"Nilisoma. Mpaka chuo kikuu."

"Ulijua?"

Ningeweza kusema nilikuwa mtoto. Neno hilo lilikuwa tayari mdomoni.

"Nilijua. Tangu jioni ile uliyofukuzwa."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa jibu la hesabu alilokuwa nalo tayari. Akanirudishia daftari. Sikutaka kulipokea, lakini alinishika mkono, akaliweka, akanifunga vidole juu yake.

Kisha akamgeukia Baba.

"Fungua."

Baba hakuelewa mara moja. Alielewa alipoona macho ya muuza maua yameshuka kwenye mifuko ya suruali yake.

"Geuza," yule mama akasema.

Baba akageuza. Mfuko wa kulia, mfuko wa kushoto, vitambaa vya ndani vikaning'inia nje kama masikio ya mbuzi. Akavishika vyote vilivyokuwamo kwenye viganja viwili na kuvipitisha katikati ya fito: leso, ufunguo wa nyumba, peremende mbili alizomwekea Redio, kipochi cha miwani kilichofungwa kwa plasta. Ufunguo ukagonga kwenye fito. Yule mama alivitazama kimoja kimoja, bila haraka, kama mtu aliyeijua kazi hiyo kutoka upande wa pili wa meza.

"Bibi, maboti yanafungwa!" mjukuu wake akapiga kelele kutoka langoni.

Akaokota kikapu chake cha maua ya plastiki, akaondoka. Baba alikuwa bado amenyoosha viganja. Nilimwona akisikiliza nyayo za yule mama mpaka zilipoingia kwenye changarawe, akingoja. Neno la tatu halikuja.

Kengele ya mwisho ikalia. Muhuri ulikuwa ndani ya mkate wa dada yangu muda wote, na Redio alilia kwa hasira kwamba mama yake mzazi amemficha ukweli. Waziri, sasa hana sharubu hata moja, akafungua mlango wa gereza. "Wafungwa wote huru! Asanteni kwa kucheza nasi!"

"Babu, toka," Redio akasema akifuta machozi. "Mchezo umekwisha."

"Subiri kidogo, mjukuu wangu."

"Unasubiri nini?"

Mama akaingia gerezani mwenyewe. Alichukua vitu kwenye viganja vya Baba, akavitia kwenye mkoba wake, kisha akaanza kumrudishia mifuko ndani kama anavyomfanyia kila siku ya kufua. Aliurudisha wa kulia. Alipofikia wa kushoto, Baba akamshika mkono.

"Uache."

"Watu watakuona."

"Uache, mama watoto."

Tukatembea hivyo mpaka kwenye geti kubwa la bustani: Dada mbele na Redio, Mama na mkoba, Baba na mfuko mmoja nje, na mimi nyuma nimelikumbatia daftari kifuani, chini ya koti langu. Nilikuwa nimeshafika karibu na geti nilipogundua nimelishikaje. Nikalitoa, nikalibeba mkononi, jalada nje.

Mlinzi wa pale alikuwa mtu wa makamo, amekaa kwenye kiti cha plastiki akinywa chai. Hakututazama mikoba. Alituinulia kikombe.

"Piteni tu, wazee wangu. Pita, mzee."

Baba akasimama mbele yake. Alisimama wima, mikono imening'inia pembeni, kama mtu ambaye neno hilo ameambiwa na asiyehusika. Yule mlinzi akashusha kikombe, akamtazama, akatutazama sisi.

"Mzee hasikii vizuri?" akaniuliza.

Nilimshika Baba kiwiko cha upande mmoja, Dada akaja akamshika upande wa pili, tukamvusha.